Kuni za Bibi Salima

Kasongo, Jumatano, mkate umekwisha kutoka

Salima, mwanangu, mama yangu,

Barua hii utaikuta katikati ya mzigo wa kuni, ndani ya kopo la siagi nililolifunga kwa kitambaa cha mkate. Dereva wa kamio, lile lori la Kabambare, alicheka asubuhi nilipomwonyesha mzigo wenyewe. "Baba Salima, Kabambare iko na pori kila upande. Leo unapeleka kuni kule, kesho utatuma maji Lualaba." Nikamwambia kesho apakie tu, auweke juu ya magunia, mbali na mapipa ya mafuta, mvua ikinyesha aufunike, ikikatika aufunue. Akaniuliza kama ni kuni au ni mgonjwa. Nikampa mikate miwili, mmoja wa kula njiani na mmoja wa kunyamaza.

Sasa hivi uko kwa shangazi yako unaaga. Mama yako yuko uani anapepeta mchele wako wa safari na kusema peke yake, maana kila akikumbuka neno la kukuusia analitamka kwanza asije akalisahau. Habari za mama mkwe, maji ya kuchemsha, chumvi, nguo za mtoto, yote atakuambia yeye, na mengine atakuambia mara mbili. Mimi nimekaa kwenye kigogo changu mbele ya furu, tanuri langu la mikate. Matofali bado yana joto, na karatasi nimeiweka juu ya koleo la mbao ninalotolea mikate. Mwandiko ukipinda, ulaumu koleo.

Nina jambo moja, nalo limenikaa kooni tangu hujaanza kutambaa. Unakumbuka siku ya posa, wazee wa mume wako walipouliza sisi ni watu gani? Ukawasimulia habari ya kilio cha Bibi Salima: namna baba yako alivyofunga furu siku tatu nzima, akatoa kuni zake zote ili waombolezaji wa bibi kizee asiye na mtoto wasikae kwenye baridi. Ulisimulia vizuri. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema huyu binti ametoka kwenye mikono mizuri. Mimi nikatazama chini, nawe ukadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, mama. Habari uliyoisimulia ni nusu ya pili. Nusu ya kwanza hukuambiwa, na mwenye kosa la kutokukuambia ni mimi.

Unatoka kesho kuhamia Kabambare na mume wako, una mimba ya miezi sita, na mvua zinakuja. Nimeona nikiendelea kunyamaza mpaka ujifungue kule, nitakuwa nimekudanganya mara mbili. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

Nilipooa nilikuwa kijana mwenye majivuno kuliko unavyoweza kuamini ukinitazama leo. Mkate nilijifunza jikoni kwa Mgiriki mmoja mwenye duka, na nilipotoka kwake nikajenga furu hii kwa mikono yangu, kwa udongo wa kichuguu na matofali niliyochoma mwenyewe. Mji mzima ulikuwa na watu watatu wanaojua kuchachusha unga wa ngano kwa tembo la ngazi, pombe ya mchikichi, na mimi nilijihesabu wa kwanza. Kuni sikuzihesabu kuwa sehemu ya kazi. Kwangu kuni ilikuwa kuni, kitu cha kuingiza mdomoni mwa furu ili furu inyamaze.

Furu ikanifundisha kidogo kidogo, kwa hasira. Kwanza nilitumia miti laini inayoota kwenye mashamba ya zamani, ile ambayo mtoto anaweza kuikata kwa panga. Inawaka kwa sifa nyingi, na ukigeuka imekwisha, matofali hayajapata joto hata la kuchemsha yai. Halafu mtu akaniambia habari ya maganda magumu ya kokwa za ngazi, yale yanayobaki akina mama wakishavunja kokwa. Yana mafuta, yana moto mkali, na hayana mwenyewe. Nikaokota magunia manne. Sikuuliza kiasi. Nikajaza furu mpaka juu, na ule ufa unaouona upande wa kulia, ambao ulipokuwa mdogo ulikuwa unaingiza vidole ukiuita mto Lualaba, ulipasuka siku hiyo. Maganda ni mazuri, lakini yanatiwa makonzi mawili juu ya makaa ya mti mgumu, kama chumvi. Mimi nilikuwa nimepika chumvi tupu.

Ufa ule hata hivyo ulikuwa wa matofali. Kosa nililotaka kukuambia lilianzia kwenye turubai.

Mgiriki aliniachia turubai kubwa la kijani alipohamia Kindu. Kasongo nzima, watu weusi waliokuwa na turubai walikuwa wa kuhesabika, na mimi nikawa mmoja wao. Nikakata kuni zangu za furu, nikazipanga chini kabisa, kwenye udongo, ubavuni mwa ukuta wa nyumba, nikazifunika na lile turubai toka juu mpaka chini, nikakandamiza pembe zote kwa mawe. Hakuna tone lingeingia. Watu wakipita wanatazama. Nilikuwa natoka nje kulitazama hata mimi.

Bibi Salima alikuwa jirani yetu wa upande wa mawio. Wewe unamkumbuka akiwa amepinda, anakupa karanga kutoka kwenye ncha ya kanga. Wakati ule alikuwa bado anapasua kuni mwenyewe. Alizaliwa Nyangwe, akaja Kasongo na mume wake, mume akafa, mtoto Mungu hakumpa. Kila kiangazi alikata kuni, akazipasua mara moja zikiwa bado mbichi, akazipanga kwenye kibanda kisicho na kuta, chenye paa la nyasi tu. Alizipandisha juu ya mawe, na kuzunguka mawe akamwaga majivu ili mchwa wasipande. Gome lilitazama juu. Kati ya ukuni na ukuni mkono wa mtoto ungepita. Za zamani zilikuwa mbele, mpya nyuma, na hakuna siku aliyochomoa za mbele kupikia. Alipikia matawi na vijiti.

Watu walimwogopa kwa ajili ya kuni zile, maana alikuwa anasema wazi ni za nini. "Mimi sina mwana. Mwenye mwana, siku yake ikifika, mwana atakata kuni za kilio. Mimi nikifa kwenye masika, watakaokuja kunililia watakaa kwenye baridi? Hapana. Nitawawekea moto mwenyewe." Mama yako alikuwa hapendi kusikia maneno hayo. Mimi nilikuwa nacheka.

Siku moja akasimama mbele ya turubai langu, ameshika kiuno. "Baba, mbona umezifunika kama maiti? Kuni iko na pumzi. Inataka upepo."

Nikamjibu, na jibu lenyewe ninaliandika kama lilivyotoka ili ujue baba yako alikuwa mtu gani. Nilisema: "Bibi, lala na kuni zako za kifo, uniachie mimi zangu za mkate." Akaniangalia kidogo, akaenda zake. Hata hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma.

Wakati huo mama yako alikuwa na mimba yako. Kwa wazee wangu, mume ambaye mke wake ni mjamzito hujenga uchaga juu ya jiko na kukata kuni za mzazi. Unajua desturi yenyewe: mti usiotoa moshi, usiorusha cheche, vipande vyembamba vya kutosha mkono wa mama aliyechoka, vya kukaa moto siku arobaini bila kuzima. Hazipikiwi. Hazikopeshwi. Mtu akija kuomba kijinga cha moto haondoki na ukuni wa uchaga ule. Mimi desturi niliishika vizuri, usidhani sikuishika. Nilikwenda mpaka kwenye shamba la marehemu baba yangu, nikapata mti mgumu uliokufa ukiwa umesimama, nikapasua siku mbili. Nikazipanga juu ya uchaga na moshi wa jiko ukazikausha miezi minne. Mama yako alikuwa anazihesabu kwa macho akiwa amelala. Alikuwa ananiambia zinamsaidia kupata usingizi.

Halafu likaja agizo. Mkubwa mmoja wa Leta, Mzungu wa serikali, alikuwa anapita kwenda Nyangwe na wageni wake, na kutoka posti, ofisi yao ya hapa mjini, wakatuma mtu kwangu, siyo kwa wale wenzangu wawili: mikate, mingi, kesho yake mchana, na iwe mizuri maana wageni wametoka Ulaya. Salima, usiniulize nililipwa nini. Ningeweza kufanya bure. Nilichotaka ni yule mkubwa akate mkate aulize, nani amepika huu?

Nikaenda kwa turubai langu, nikafunua.

Harufu ilitoka kwanza. Kuni za chini zilikuwa zimeota uyoga. Za katikati zilikuwa na ukungu mweupe kama unga, na jasho la turubai lilikuwa limezilowesha juu pia. Upande wa ukutani mchwa walikuwa wamejenga mji na wameanza kupanda kwenye nyumba. Nikagonganisha kuni mbili. Kavu huitika, unajua sauti yake. Hizi zilinung'unika. Wanasema akiba haiozi, basi waje waone yangu.

Nilijaribu kuziwasha hivyo hivyo. Furu ikajaa moshi, matofali yakatoka jasho, maji ya manjano yakachemka kwenye ncha za kuni. Mkate ungetoka mweupe chini na mchungu juu. Nikaingia jikoni. Mama yako alikuwa amekwenda kisimani. Nikatazama uchaga. Mimba ilikuwa ya miezi saba, nikajiambia, miezi miwili ni mingi, nitakata nyingine, nitapanga nzuri kuliko hizi. Nikapandisha mikono.

Nilizitoa zote. Nilianza nikisema nitachukua nusu, lakini furu haijui nusu.

Mama yako aliporudi na maji aliona uchaga mtupu na mimi ninakanda unga. Aliweka ndoo chini polepole. Akaenda kukaa nje mpaka jioni. Mkate ulitoka siku hiyo kama haujawahi kutoka. Kuni zile zilikuwa nzuri sana, mama. Ninakuambia kama mpishi: zilikuwa kuni bora nilizopata kuchoma maishani mwangu.

Wageni wakala, wakaenda Nyangwe. Kama kuna mtu aliuliza nani kapika, habari haikunifikia.

Siku ya tisa baada ya hapo, mchana, saa tisa, mvua inanyesha ile ya kuziba njia, mama yako akashikwa na uchungu. Miezi ilikuwa haijatimia. Mkunga alikuwa dada mkubwa wa mama yako, shangazi yako mdogo alikuwa anamsaidia, na mimi nilikuwa nje chini ya ukingo wa paa. Ukatoka upesi. Ulikuwa mdogo, Salima. Koleo hili ninaloandikia juu yake, ungelala juu yake na nafasi ikabaki. Shangazi yako akatokeza kichwa mlangoni: "Baba, lete kuni. Mutoto iko baridi."

Nilizoleta ni zile za turubai. Nilikuwa sina nyingine. Tangu agizo lile nilikuwa nimekamatwa kwenye kazi ya barabara ya Leta, na mbichi nilizokata siku moja niliyoponyoka zilikuwa zinalia maji. Waliziwasha. Nyumba ikajaa moshi mzito wa ukungu, ule unaokaa chini hauondoki. Nikasikia wewe unakohoa. Mtoto wa nusu saa, sauti yake ya kwanza kuisikia mimi ilikuwa kikohozi. Mkunga akatoka na machozi ya moshi usoni. "Toa hii moshi, baba. Tukiacha moto, baridi itamuua. Tukiwasha, moshi itamuua. Wewe ni mutu wa moto, sema tufanye nini."

Nilisimama pale kwenye mvua, fundi wa furu, na sikuwa na ukuni mmoja mkavu kwa mtoto wangu.

Bibi Salima alikuja kupitia kwenye ua wa mihogo. Alikuwa ameona moshi unatoka kwenye nyasi za paa, akaelewa. Kichwani alibeba kuni, na juu ya kuni amefunika mkeka wake wa kuswalia. Kuni zilikuwa kavu, yeye alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Akaniona nimesimama. "Unangoja nini? Nyingine ziko kule, toa za mbele. Mutoto hangoji kuni zako zikauke."

Nikaenda. Nikazitoa kwa mikono yangu mwenyewe, zile za mbele, za zamani, alizoziweka kwa siku yake ya kufa. Nilikwenda na kurudi mara sita. Alikuwa amevua kanga yake nyingine akanifungia juu ya mzigo. Ndani wakasukuma nje ule uchafu wangu unaofuka, wakawasha za kwake, na moshi ukapungua, ukapungua, mpaka nikaona kupitia mlangoni moto mwekundu umetulia na mkunga amekushika karibu nao, anakusugua mgongo. Ukalia. Nikakaa chini kwenye matope nikalia na mimi, wala sikujificha.

Siku arobaini uliota moto wa yule mama. Kibanda chake kilibaki na mawe na majivu. Sijawahi kumsikia akitaja turubai. Sijawahi kumsikia akitaja jibu nililompa. Nilipokwenda kumwangukia alinikatiza. Alisema, "Nilikuwa ninaweka moto kwa watu watakaonililia. Huyu amelia kabla yao wote. Basi."

Padri alipokuja kubatiza alisema Salima si jina la mtakatifu. Akaandika Elizabeti kwenye kitabu chake, nami nikamshukuru, na tulipofika nyumbani mama yako akasema Elizabeti akae kanisani, huyu anaitwa Salima. Ndiyo sababu una jina la Kiislamu kwenye nyumba yenye msalaba mlangoni, na sasa ukiulizwa kule Kabambare utajua la kujibu.

Mama yako hakunikemea. Siku ya nane tangu uzaliwe, uko kifuani kwake, akaniuliza, "Kuni za uchaga zilikuwa nzuri?" Nikasema zilikuwa nzuri. "Mkate uliiva?" Uliiva. "Basi, angalau kuna watu walishiba." Akageukia ukuta. Hayo tu, mpaka leo. Nimeishi na mwanamke ambaye angeweza kunimaliza kwa neno moja kila masika, na kila masika analimeza. Ukipata nafasi kesho kabla hamjapanda kamio, mshike vizuri. Usimwambie kwa nini.

Kurudisha kuni zile kulinichukua miaka. Mara ya kwanza nilimpelekea mzigo baada ya mwezi, akaugonganisha, akaniambia, "Rudi zikikauka." Nikajenga kibanda kama chake, bila kuta, turubai nikampa mtu wa mitumbwi. Kiangazi kilichofuata nikapeleka nyingine. Akakaa nazo asubuhi nzima, anashika moja moja, anaangalia nyufa kwenye ncha, anapima uzito, anakwaruza gome kwa ukucha. Nusu akazirusha nje ya ua. "Hizi ni za mkate," akasema. Nilikuwa mwanaume mzima mwenye furu, nimeinama ninaokota kuni zilizokataliwa, na wewe umekaa kwenye mkeka wake unanicheka kwa meno mawili. Kila ninachokijua juu ya kuni nilikipata kwenye ua ule. Kwa hiyo watu wanaponisifu mkate wangu hauna harufu ya moshi, wanamsifu mtu mwingine.

Sasa ile nusu ya pili, unayoijua. Ulikuwa na miaka sita. Alifariki kwenye mvua, kama alivyoogopa. Kibanda chake kilikuwa kimejaa nusu tu, maana mikono ilikuwa imemwishia nguvu na mimi nilikuwa sijamaliza kurudisha. Nikafunga furu. Asubuhi mtu wa posti akaja kuulizia mkate, nikamwambia kuni hakuna, akaangalia kibanda changu kimejaa mpaka kwenye paa. Nikamwambia tena, kuni hakuna. Tulizibeba zote. Waislamu wa mtaa na Wakristo wakakaa moto mmoja usiku tatu, na hakuna aliyekohoa.

Watu wakasema, angalieni moyo wa mtu huyu. Nilipaswa kusimama pale niseme, hizi ni zake, ninarudisha nilichochukua. Sikusema. Sifa ni tamu, mama, hata ukiwa unajua si yako. Nikaimeza, na wewe ukakua ukiila pamoja nami.

Na kuna kikohozi chako. Kila masika kinakuja, na wewe unasema ni cha ukoo, kwa sababu nilikuambia hivyo. Katika ukoo wetu hakuna anayekohoa. Mimi sijui mambo ya kifua kama daktari, labda ni kitu kingine kabisa. Lakini kila nikikisikia kupitia ukuta, ninarudi kwenye ile saa tisa. Nisamehe. Neno hilo nimelizunguka kurasa nyingi kama mtu anayetafuta mlango.

Nikikaa hapa nikikuangalia unapita na beseni la unga, mzima, mbishi, unanijibu, ninachohisi zaidi ya yote ni shukrani. Ninamshukuru Mungu kwa jirani. Ninamshukuru mama yako kwa ulimi wake. Ninakushukuru wewe kwa kupumua, maana ulikuwa na sababu nyingi za kuacha.

Kuni za mzigo huu nilizipasua juma lile la harusi yako, kabla hakujawa na habari ya mimba. Zimekaa juu ya mawe mwaka na zaidi. Mume wako ni mwalimu, mtu mzuri, anajua hesabu, lakini nilimwona siku moja akiwasha moto kwa daftari, kwa hiyo sikuthubutu kumwachia jambo hili. Akijenga furu kule kama alivyoahidi, jengeni kwanza kibanda cha kuni, halafu furu. Na agizo likija, hata awe mkubwa wa nani, uchaga usiguswe.

Kuni hizi nilizipima kwa mkono wa Bibi Salima, siyo kwa wangu. Zingine nilizirusha mwenyewe.

Katikati, karibu na kopo hili, utaona ukuni mmoja mweusi, mfupi, uliojaa masizi. Unaujua. Ni ule uliokuwa kwenye uchaga wetu maisha yako yote, ambao ukitaka kuuweka motoni mama yako anakupiga kofi la mkono, wewe ukawa unautundikia kikapu cha vitunguu. Ni wa Bibi Salima. Siku arobaini zilipokwisha ulibaki mmoja. Alipokufa nilitaka niutie kwenye moto wa kilio chake, urudi kwa mwenyewe. Mama yako akaushika. Akasema, "Huu si wake tena. Ni wa mutoto." Leo asubuhi nilipokuwa ninafunga mzigo nikamkuta amekwisha kuuchomeka ndani, na amefunga upya kamba yangu, maana anasema fundo langu ni la mkate.

Usiutunze. Umekauka zaidi ya miaka ishirini, unatosha. Siku ikifika, mwambie mkunga aanze na huo. Kama umenikasirikia, na una haki, kuni zangu ziache pembeni, wakukatie nyingine huko huko, ni pori tupu. Lakini huo mmoja uwashe. Mtoto wako asikie kwanza joto la yule mama, halafu ndiyo aje kusikia habari za babu yake.

Na siku arobaini zikiisha, bakiza mmoja. Uuweke mahali pakavu. Siku moshi ukitoka kwenye paa la jirani, utajua mwenyewe mlango wa kuupeleka.

Ninasikia sauti yako barabarani. Unakohoa kidogo na unacheka, yote pamoja. Nafunga kopo.

Baba yako